Kutangaziana: Nasaha kwa Wenye Orodha za Barua Pepe

Miongoni mwa njia zote anazoweza kuzishika mfanyabiashara mdogo ili kuongeza majina katika orodha ya watu wanaopenda kupokea barua zake pepe, hapana hata moja ambayo gharama yake ni ndogo na tija yake ni kubwa kama kutajwa kwa wema na mtu mwingine, mwenye orodha yake mwenyewe, ambaye wasomaji wake wamekwisha kumwamini kabla hawajakusikia wewe. Na wala hapana njia ambayo watu huiingia kwa pupa zaidi, wakatoka humo na majuto. Kwa kuwa nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara mintarafu ya jambo hili, na wanaouliza aghalabu ni watu wenye bidhaa nzuri na wateja wachache, nimeona heri niyaandike mashauri yangu kwa wasaa, mahali pamoja.

Sura ya jambo lenyewe ni nyepesi. Mimi ninayo orodha ya watu walioniruhusu kuwaandikia kila juma; wewe nawe unayo yako; siku moja, baada ya kushauriana, mimi nawaeleza wasomaji wangu habari za barua zako na kuwaonyesha mahali pa kujisajili, nawe wawaeleza wako habari za barua zangu. Pesa haipiti mkononi mwa yeyote, wala jina hata moja halitolewi katika daftari hili kutiwa katika lile. Wanaotaka huenda wenyewe kwa hiari yao, na wasiotaka hubaki walipo. Jambo hili si geni. Mwaka 1996 huduma ya Hotmail ilipofunguliwa, kila barua iliyopita humo ilibeba chini yake mstari mmoja wa kumwalika mpokeaji afungue anwani yake bure, na kwa kuwa mwaliko huo ulifika pamoja na maneno ya mtu anayemjua, haikutimia miaka miwili waliojiunga wakawa wanahesabiwa kwa mamilioni, na kampuni ya Microsoft ikainunua huduma hiyo mwishoni mwa mwaka 1997. Katika siku zetu kampuni ya Substack, iliyoanzishwa mwaka 2017, iliwapa waandishi wake mwaka 2022 njia ya kupendekezana, hata msomaji anapojisajili kwa mwandishi mmoja huonyeshwa papo hapo majina ya wengine ambao mwandishi huyo amewaridhia. Yaweke hayo kando ya lile la tarehe 3 Mei 1978, siku ambayo Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment aliwapelekea watu wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET tangazo la kompyuta ambalo hapana aliyeliomba: wengi walighadhibika, na hadi leo tangazo hilo hutajwa kuwa ndiyo asili ya barua taka. Chombo kilichotumika ni kile kile, na bidhaa za Thuerk hazikuwa mbovu. Lililokosekana ni mtu wa kati, anayejulikana na wapokeaji, wa kusema neno.

Kabla ya kuendelea yafaa tuafikiane juu ya jambo ambalo mengine yote yanatoka humo. Anwani aliyokupa msomaji ni amana. Alipoandika jina na anwani yake katika ukurasa wako alikupa wewe, kwa haja aliyoijua mwenyewe. Hakumpa rafiki yako, wala ndugu yako, wala mshirika utakayempata mwakani. Kwa hiyo orodha ile, ingawa waitazama katika kompyuta yako na ingawa walipa ada ya kuihifadhi, si mali yako ya kugawa, na yule anayekujia akisema, "Nipe faili lako nami nikupe langu, tuongezeane," anakutaka ufanye hiana, hata ikiwa mwenyewe hajui kuwa ndivyo. Kitu pekee unachoweza kumpa mwenzako katika muamala huu ni kauli yako. Nayo kauli si kitu kidogo, maana unapomtaja mbele ya watu wanaokuamini umekuwa mdhamini wake, na lolote atakalowatenda litaandikwa katika hesabu yako. Na mdhamini mwenye akili hamdhamini mtu asiyemjua, wala hadhamini deni asilojua kiasi chake.

Yuko atakayesema kwamba hizi ni zama za WhatsApp, na barua pepe ni mambo ya maofisini. Kwa mteja wa Kariakoo au wa Marikiti, anayeweza kupita dukani jioni, WhatsApp yatosha, na sitaki kumpotezea mtu wakati wake kwa kumwambia vinginevyo. Lakini orodha ya matangazo ya WhatsApp haipokei zaidi ya watu 256, na ujumbe humfika yule tu aliyeihifadhi namba yako katika simu yake. Ama ukurasa wa Facebook au wa Instagram, wafuasi wake ni wa mwenye mtandao, naye ndiye anayeamua ni wangapi kati yao watakaoliona tangazo lako leo. Orodha ya barua pepe waweza kuinakili na kuhama nayo kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na mteja aliye Muskati, London au Toronto, aliyekwisha kubadilisha namba ya simu mara kadhaa tangu atoke nyumbani, mara nyingi angali na anwani ile ile. Kwa biashara ambayo wateja wake wametawanyika ng'ambo, hapana mfano wake.

Tuchukulie basi, ili maneno yapate mwili, kwamba yuko bibi mmoja Mombasa anayeandika kila Alhamisi barua ya mapishi ya pwani, na wasomaji wake ni watu wa hapa na jamaa zao walio ng'ambo, ambao hamu yao ya mkate wa mofa na samaki wa kupaka haikupungua kwa umbali; na yuko bwana mmoja Unguja anayefunga viungo vya chakula katika pakiti na kuvituma kwa posta, naye huandika barua yake kila Ijumaa. Mtu hahitaji elimu kubwa kuona kwamba wawili hawa wamefaa kutangaziana. Anayepika pilau anahitaji bizari, na anayenunua bizari anahitaji kujua aitie wakati gani. Wasomaji ni wa namna moja, haja ni mbili, na bidhaa ya mmoja haimnyang'anyi mwingine mteja. Mtu wa tatu, muuza vitabu vya Kiswahili wa Dar es Salaam, angeweza kuingia pia, ingawa kwa mbali kidogo. Lakini muuza simu, au mwenye kukopesha pesa kwa riba kupitia simu, hata akiwa na orodha mara kumi ya zao, hana mahali hapa, kwa sababu wasomaji watakaotoka kwake kuja kwenye mapishi watakuja kwa udadisi wa dakika moja na kukaa wakiwa mzigo. Ama wapishi wawili, je, watangaziane? Watu wengi huogopa hilo; mimi siliogopi, mradi mmoja awe wa vitafunio na mwingine wa mchuzi na wali, kwa kuwa mpenda mapishi hatosheki na barua moja, kama vile mpenda taarabu hatosheki na kikundi kimoja.

Namna ya kumjua mshirika ni kuwa msomaji wake. Jisajili kwake kwa anwani yako nyingine, na kaa miezi miwili ukisoma bila kusema neno. Tazama kama barua huja siku aliyoahidi. Tazama ni barua ngapi katika kumi zinazofundisha kitu na ngapi zinazouza tu. Tazama kama vichwa vya barua zake ni vya kweli, au kama yeye ni miongoni mwa wale wanaoandika "Jibu: ombi lako" ilhali hukuomba chochote, ili ufungue kwa kudanganyika. Mjibu barua moja kwa swali la kweli, uone kama atajibu na kwa adabu gani. Mwisho wa yote, na hili ndilo ambalo watu hawalifanyi, jitoe katika orodha yake, uone kama utatolewa. Ikiwa baada ya kujitoa barua zingali zakufuata, au ikiwa anwani ile uliyoitumia kwake pekee imeanza kupokea matangazo ya watu usiowajua, umekwisha kupata jibu lako, na hapana haja ya mashauri zaidi.

Likija suala la ukubwa wa orodha, ndipo tamaa inapowapofusha wengi, kwani kila mtu anataka kutangaziwa na mwenye majina mengi kuliko yeye, na mwenye majina mengi naye anataka vivyo hivyo kwa aliye juu yake. Lakini idadi ya majina ni kipimo kibovu. Tuseme bibi wa mapishi ana majina 2,000, na katika barua ya kawaida watu 160 hubofya linki iliyomo. Na bwana wa viungo ana majina 600, na watu 120 hubofya. Kwa kuhesabu majina, bibi amemzidi mwenzake mara tatu na zaidi, na angeweza kuona kwamba anapunjwa. Kwa kuhesabu watu waliofanya jambo, tofauti yao ni ya nne kwa tatu, na hiyo huzibwa kwa urahisi, mathalani kwa bwana kumweka bibi juu kabisa ya barua yake na bibi kumweka bwana katikati, au kwa bwana kumtaja bibi mara nne dhidi ya tatu. Nasema wanaobofya, wala sisemi wanaofungua, kwa makusudi: tangu Septemba 2021 programu ya barua ya simu za Apple imewapa wenye simu hiari ya kujificha, na kwa hao picha zilizomo katika barua hupakuliwa hata kama mtu hakuifungua, hivyo hesabu ya waliofungua inavimba pasipo ukweli. Mshirika anayekuja akijisifu kwa idadi ya waliofungua, mwulize kwa upole ni wangapi waliobofya, na wangapi waliomwandikia majibu.

Ukishamridhia mtu, mwandikie. Hapa naona vijana wengi wakikosea adabu, kwani huandika kana kwamba wanadai: "Habari, tufanye kutangaziana, orodha yangu ni kubwa, jibu haraka." Barua kama hiyo hufutwa, na haki yake kufutwa. Njia iliyo bora ni kuanza kwa kutoa. Mtaje mwenzako katika barua yako kabla hujamwomba chochote, kwa sababu barua yake imekufaa kweli, kisha mjulishe. Bibi wa mapishi angeweza kuandika hivi:

"Bwana wangu, salamu nyingi baada ya heshima. Mimi ndiye mwandishi wa barua ya mapishi itokayo kila Alhamisi. Nimekuwa msomaji wako tangu Mfunguo Sita, na juma lililopita niliwaeleza wasomaji wangu habari ya barua yako juu ya mdalasini, kwa kuwa ilinifaa jikoni; hadi jana watu 74 walikuwa wamekuja kuitazama. Huna deni kwangu. Lakini ikiwa utapenda tutajane mara mbili tatu kabla ya Ramadhani, nijulishe, nami nitakuletea maneno yangu uyasome kwanza, usije ukasifiwa kwa jambo usiloliuza."

Tazama alivyotaja siku, akataja idadi, akamwachia mwenzake mlango wa kukataa bila fedheha. Na ile ahadi ya kuonyeshana maneno kabla ya kuyatuma msiiache asilani, hata mkiwa marafiki wa tangu utotoni, kwa maana hapana ugomvi wa haraka kama ule wa mtu kukuta ametangaziwa bei aliyokwisha kuipandisha.

Sasa tufike kwenye maneno yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha muamala wote, na ambayo kwa mshangao wangu hupewa dakika tano za mwisho. Wengi hupokea kutoka kwa mshirika tangazo lililokwisha kuandikwa, wakalibandika chini ya barua yao lilivyo: "Wapendwa, msikose! Jisajilini sasa kwa rafiki yetu mpate viungo bora kwa bei poa!" Msomaji aliyezoea sauti yako anaisikia palepale sauti ya mtu mwingine, naye aipita kama apitavyo bango la barabarani. Umetumia nafasi katika barua yako, wala hukusimama mdhamini wa chochote, kwa kuwa hukusema neno la kwako. Mtu anapotaka kumdhamini mwenzake husema anavyomjua, na alivyomjaribu, na kwa nini jambo hilo linamhusu anayemsikiliza. Bibi yule yule, akiandika kwa kalamu yake, angesema:

"Walioniuliza iliki ninayotia katika maandazi naipata wapi, jibu ni hili. Naagiza kwa bwana mmoja wa Unguja, ambaye kila Ijumaa hupeleka barua fupi ya kueleza kiungo kimoja cha chakula: huvunwaje, huhifadhiwaje, hupatana na nini. Barua yake moja ilinifundisha kupasua ganda la iliki kabla ya kununua. Punje zikiwa nyeusi na zikinata vidoleni, bado ni nzima. Zikiwa kavu na za rangi ya kahawia, harufu imekwisha kuondoka. Ukitaka kuzipata barua hizo, andika anwani yako hapa. Zikikuchosha, chini ya kila moja pana mahali pa kujitoa, nami nimepajaribu."

Katika maneno hayo hapana sifa hata moja ya kupamba, wala neno "bora," wala alama ya mshangao. Pana jambo ambalo msomaji aweza kulifanya leo jikoni mwake hata asipojisajili, na hilo pekee lamfanya aone kuwa hakupotezewa wakati. Pana kauli kwamba mwandishi ananunua huko kwa pesa zake. Na pana ule ushahidi wa mwisho wa kujaribu kujitoa, ambao kwa hakika huwatuliza watu kuliko sifa zote. Nashauri pia kwamba barua moja isiwe na zaidi ya tangazo moja la namna hii. Ukiwataja watatu kwa pamoja, msomaji hataona kwamba umewadhamini watatu. Ataona kwamba hukumdhamini yeyote.

Kazi haikwishi kwa msomaji kubofya. Mahali atakapofika ni lazima pamtambue. Bwana wa viungo atengeneze ukurasa mdogo kwa ajili ya wageni wa bibi, ulioandikwa juu kabisa, "Karibuni wasomaji wa barua ya Alhamisi," wenye mahali pa kuandika anwani na maelezo ya mistari miwili juu ya kitakachotumwa na siku gani, basi. Asiwapeleke kwenye ukurasa wa mbele wa duka, wakapotea kati ya bei na picha. Baada ya kujisajili, msomaji atumiwe barua ya kuthibitisha, abofye mara ya pili kuonyesha kwamba ndiye mwenye anwani na kwamba amekusudia. Wako wanaonung'unika kwamba uthibitisho huu hupunguza majina, nao wasema kweli. Hupunguza majina ya walioandika anwani kwa makosa, na ya walioandikwa na wengine, na ya wasiokuwa na haja, ambao wote hao ungewalipia ada ya kuwahifadhi bila kupata kitu. Kisha barua ya kwanza ya makaribisho imtaje tena bibi aliyemleta, ili mgeni akumbuke amefikaje pale. Kwa kuwa msomaji aliyesahau jinsi alivyojisajili ndiye anayeibofya alama ya barua taka.

Na alama hiyo si mchezo. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamewawekea masharti wanaotuma barua kwa wingi, na kwa yule anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye anwani za Gmail masharti ni makali: barua ziwe na alama za kuthibitisha mtumaji ziitwazo SPF, DKIM na DMARC, pawe na njia ya kujitoa kwa kubofya mara moja na ombi hilo litimizwe katika muda wa siku mbili, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, yaani watu watatu katika elfu. Wewe mwenye majina mia nane huenda usihesabiwe miongoni mwa wakubwa hao, lakini mizani inayopima heshima ya mtumaji ni ile ile kwa wote. Fikiri sasa umemtangaza mtu asiyefaa, na wasomaji wako kumi wamekasirika: kidole chao hakitambofya yeye, kitakubofya wewe, kwa sababu barua iliyo mbele yao ni yako. Fauka ya hayo, mitambo ya kuchuja barua hutazama hata linki zilizomo ndani, na tovuti ya mshirika ikiwa imekwisha kuandikwa katika orodha za wakorofi kama zile za Spamhaus, barua yako njema yaweza kuangukia katika kasha la barua taka kwa kosa la jirani. Kabla ya kuweka linki ya mtu, itume kwanza kwako mwenyewe, katika anwani yako ya Gmail na ya Yahoo, uone inafika wapi.

Hesabu nazo ziandikwe; mali bila daftari hupotea bila habari. Kila linki unayompa mshirika iwe na alama yake pekee, ili ujue aliyekuja kwa njia ya nani, na karibu programu zote za kutuma barua huweza kuitia alama hiyo bila taabu. Usiridhike na hesabu ya waliojisajili siku ile, maana siku ile kila mtu ni hodari. Rudi baada ya siku 90, tazama ni wangapi kati yao wangali wabofya, wangapi wamenunua, na wangapi wamejitoa. Hutokea mara nyingi kwamba mshirika aliyekuletea watu 20 amekuachia wateja wanane, na yule aliyekuletea 200 amekuachia watatu, na mtu asiyeandika humshukuru wa pili na kumsahau wa kwanza.

Iko namna nyingine ya kushirikiana, nayo ni kuchanga zawadi na kuwaita watu waandike anwani zao ili mmoja apate. Siipingi, lakini zawadi yenyewe ndiyo inayochagua nani aje. Mkiweka simu mpya watakuja wote wapendao simu, na wapendao simu ni kila mtu. Mkiweka kikapu cha viungo, chano na kitabu cha mapishi, watakuja wachache, wale wale mnaowatafuta. Na katika fomu ya namna hiyo kila mshirika awe na kisanduku chake cha kukubali, kilicho tupu, msomaji akiweke alama mwenyewe akipenda. Kisanduku kilichokwisha kuwekwa alama na mwenye fomu si ridhaa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya sheria imekikataa waziwazi. Wako pia, hasa Marekani, wanaolipana pesa kwa kila jina. Ukichagua njia hiyo, mwambie msomaji wako kwamba umelipwa, kwa neno moja lililo wazi na mahali panapoonekana, kwani mdhamini aliyelipwa bado aweza kusema kweli, lakini msikilizaji ana haki ya kujua.

Na kwa kuwa nimekwisha kuitaja sheria, nitaipitia kwa haraka. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na faini yake yaweza kufika shilingi milioni 5. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Omani nayo ilitoa yake mwaka 2022. Ikiwa unawauzia watu waliopo Hamburg au Amsterdam, ujue kwamba sheria ya Umoja wa Ulaya, inayotumika tangu tarehe 25 Mei 2018, humfuata msomaji aliko, wala haitazami kwamba wewe umekaa Malindi. Asiyetoa anwani ya mtu kwa mwingine, akahifadhi ushahidi wa siku na mahali kila mmoja alipojisajili, na akamwacha aondoke anayetaka kuondoka, amekwisha kutimiza sehemu kubwa ya sheria zote hizo.

Nibakishe maneno kidogo juu ya kukithiri, maradhi yanayowapata waliofanikiwa. Miongoni mwa wafanyabiashara wa intaneti wa Marekani ilikuwa desturi kwamba mmoja akitoa bidhaa mpya, wenzake wote huitangaza siku ile ile, na msomaji aliyejisajili kwa watu kumi huamka akakuta barua kumi zinazosema maneno yale yale, kila mmoja akidai kwamba ni siri aliyomchagulia yeye. Watu hao walikuwa wakizungushiana wasomaji wale wale, leo kwako kesho kwangu, huku kila orodha ikionekana kukua ilhali umma wa wasomaji haukuongezeka hata mmoja. Sisi ambao duara letu ni dogo zaidi, na wasomaji wa barua za Kiswahili bado ni wachache, tutaufikia ukuta huo mapema. Dalili yake ni kwamba waliojisajili kutoka kwa mshirika wanapungua kila mara anapokutaja. Akikutaja mara ya tatu na wakaja nusu ya wale wa kwanza, pumzikeni nusu mwaka. Na katika barua nne, tatu ziwe za kwako tupu, zisizomtaja mtu.

Siku ya kuachana nayo itafika, kwa heri au kwa shari. Mshirika ameuza biashara, au ameanza kuandika kila siku badala ya kila juma, au wasomaji wako wawili wamekuandikia kwamba walilipa na mzigo haujafika. Katika hilo la mwisho usiseme "si shauri langu." Mwandikie mwenzako siku ile ile, mpe nafasi ya kutengeneza, wajibu wasomaji wako kwa majina yao uwaeleze ulichofanya, na asipotengeneza, wajulishe wote kwamba umeiondoa kauli yako, bila matusi na bila kuieleza kesi nzima. Wale waliokwisha kujisajili kwake ni wasomaji wake, usiwafuate kuwarudisha. Baada ya hapo pitia barua zako zinazojituma zenyewe, ile ya makaribisho na zile zinazoifuata, kwa maana humo ndimo sifa za mshirika wa zamani zinamobaki bila mtu kuzikumbuka, na msomaji aliyejisajili leo asubuhi asije akaelekezwa kwenye duka lililofungwa tangu mwaka jana.